Madaktari wa Paa la Mama

Faili la mia mbili na kumi na moja lilikuwa limeliwa na mchwa kwenye kona, likabaki na umbo la mkate uliong'atwa. Mama Majalada alilipindua juu ya meza, akafungua uzi ulioshika karatasi, akazigonga pamoja mpaka kingo zikakaa sawa, akazitoboa upya na kuzivisha jalada jipya la rangi ya udongo. Juu ya jalada akaandika namba. Namba tu. Jina lilikaa ndani, ukurasa wa kwanza, ambako yeye hakuwa na shughuli nako.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake wiki ile: mafaili mia tatu na kumi na mawili yaliyochakaa, kila moja livuliwe jalada bovu livishwe jipya, na kati ya moja na jingine awahudumie wagonjwa dirishani. Kliniki yenyewe ilikuwa na jina refu lililoandikwa ubaoni kwa rangi nzuri, lakini mji mzima uliijua kama Jengo la Nyuma. Ilikuwa nyuma ya hospitali kubwa, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, nyuma ya jenereta. Hakuna mtu aliyepita pale kwa bahati mbaya.

Simu ilitetemeka juu ya rundo. Hakuitazama. Ikatetemeka tena, ikawa inasogea kidogo kidogo kama mende aliyelewa, mpaka ikafika ukingoni mwa meza. Hapo akaidaka, na kwa kuwa alikuwa ameshaishika, akasoma.

Kundi liliitwa Paa la Mama. Lilikuwa na watu kumi na tisa, wote wa ukoo wa mume wake, na lilifunguliwa kwa jambo moja jepesi: paa la nyumba ya mama mkwe lilikuwa linavuja, watoto wakakubaliana kuliezeka upya, ikabaki kuchagua rangi ya mabati. Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita. Mabati hayajanunuliwa, ila ukoo mzima umeshapimwa akili.

Ilianza hivi. Kaka Mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hajawahi kustaafu kengele, alitangaza kwamba mabati yatakuwa ya buluu na mjadala umefungwa. Wifi, dada anayemfuata, msusi mwenye saluni ya viti vitatu, akajibu kwamba mtu anayefunga mjadala kabla haujafunguliwa ni nasisisti, yaani anajiabudu mwenyewe. Kuna video ameiona, ya dakika moja na nusu, imeeleza kila kitu. Kaka Mkubwa akatafuta video yake, akarudi na jibu: mtu aliyetaka mabati ya kijani Jumanne, na Alhamisi akataka mekundu, huyo ana bipola. "Kijani Jumanne, nyekundu Alhamisi," aliandika. "Dalili zote zimetimia."

Tangu hapo ikanyesha mvua ya magonjwa kubwa kuliko ile iliyokuwa ikiingia chumbani kwa mama. Shangazi mmoja, aliyewahi kukatwa na bati kidoleni mwaka aliousahau, akapatikana na trauma. Binamu aliyeomba misumari ihesabiwe akaambiwa ana osidii, maradhi ya kuhesabu. Mkwe mmoja, aliyeuliza kwa upole kama mama mwenyewe ameulizwa anapenda rangi gani, akaonywa aache kuwagasilaiti watu, yaani kuwafanya wajione wamerukwa na akili. Mume wa Mama Majalada, dereva wa lori ambaye wiki nzima huwa barabarani, alishiriki kwa namna yake: kila ujumbe aliuwekea kidole gumba, wa kaka na wa dada, bila upendeleo.

Na mama mkwe? Alikuwemo. Kila mvua iliponyesha alituma sauti ya sekunde nne: "Wanangu, linavuja." Hakujibiwa, maana hakuwa ametaja ugonjwa wowote.

Ujumbe wa leo ulikuwa wa Kaka Mkubwa. "Shemeji wa Jengo la Nyuma, mbona umekaa kimya kama hujui kusoma? Wewe unawaona kila siku. Hebu tuamue. Huyu dada yetu na hao wenu, tofauti iko wapi?"

Chini yake, Wifi: "Mjibu, wifi yangu, usimwogope. Mwambie kama nasisisti hutibika au huzikwa hivyo hivyo."

Nyuso za kucheka zikapangana kama shanga.

Mama Majalada akaiweka simu kifudifudi. Hakuwa mwepesi wa kuwahukumu. Wifi alimfahamu miaka ishirini. Ndiye aliyekaa naye siku mbili wodini alipojifungua mwanawe wa kwanza, akamfokea kila mtu aliyevaa nyeupe mpaka shuka safi likapatikana. Ulimi wake ulikuwa mrefu, na wema wake pia. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wifi, kwa kuwa ni msusi, aliona zote zinapaswa kupitia mikononi mwake.

Kilichomsumbua Mama Majalada hakikuwa Wifi wala Kaka Mkubwa. Kilikuwa kwenye trei ya mbao pembeni mwa meza, yenye karatasi iliyobandikwa: HAWAJAFIKA. Ndani ya trei mlikuwa na faili moja, namba arobaini na saba, nalo lilikuwa limekaa humo tangu Jumatatu.

Namba arobaini na saba alikuwa shemeji yake, kitinda mimba wa mama mkwe, fundi friji ambaye ukoo ulimwita Mpole. Ndiye peke yake kundini ambaye hajawahi kumpima mtu, na kwa sababu hiyo pande zote mbili zilimtumia kama rula. "Mngekuwa na akili kama Mpole tungeshaezeka," alisema Kaka Mkubwa. "Kazi ya paa apewe Mpole, ndiye mwenye akili timamu hapa," alisema Wifi, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana tangu Januari.

Miaka mitatu nyuma, Mpole alikuwa amefungua friji saba za wateja kwa siku moja, akakaa katikati yake siku tano bila kulala, akisikiliza mashine zinavyomwita kwa jina. Ukoo ulimwona. Ukoo ulimsifu. "Yule kijana mchapakazi," walisema, "hata usingizi hana habari nao." Madaktari wote kumi na wanane walipita mlangoni pake na hakuna aliyegundua kitu, kwani hakuwa amewatukana. Alipotoweka wiki tatu walisema amepata kazi nje ya mji. Kazi yenyewe ilikuwa wodi ya juu ya Jengo la Nyuma, na siku alipotolewa akashuka ngazi na kofia imemfika puani, kwenda dirishani kuandikishiwa kliniki, akamkuta nyuma ya dirisha mke wa kaka yake.

Walitazamana kama watu wawili waliokutana mlangoni mwa choo. Kisha Mama Majalada akasukuma kadi chini ya kioo. "Kadi yako ni namba arobaini na saba," alisema. "Ukiisikia, njoo."

Basi. Tangu siku ile hawakulizungumza tena. Nyumbani alimpa kiti, akamuuliza habari za friji. Mume wake hakujua; kidole gumba hakina haja ya kujua. Kila mwezi Mpole alikuja, akachukua dawa zake, akatengeneza friji zake, akalala usiku kama watu wengine.

Mpaka Jumapili iliyopita. Jumapili Kaka Mkubwa aliandika: "Huyu apelekwe akapewe vidonge atulie, sisi tuezeke." Wifi akajibu: "Vidonge wape hao machizi wenyewe. Mimi na wao wapi na wapi? Chizi utamkabidhi paa?" Wakacheka watu kumi na wanne. Mama Majalada, aliyezoea kuhesabu kila kitu kilichopita mbele yake, alihesabu, na wa kumi na nne alikuwa Mpole. Alikuwa ameweka uso mmoja wa kucheka, mdogo, wa manjano, machozi yanamtoka. Kesho yake hakuja kliniki.

"Arobaini na saba hajafika bado?" aliuliza nesi akipita na kikombe chake. "Leo ya nne hana dawa."

"Bado."

"Mimi napiga simu baada ya wiki. Ndiyo utaratibu."

"Najua utaratibu."

Dawa zilitolewa Jumatatu na Alhamisi. Leo Alhamisi. Angeweza kuchukua simu yake mwenyewe akamwandikia: shemeji, mbona hukuja? Alilifikiria hilo tangu Jumatatu, polepole, kama alivyofikiria kila kitu. Lakini neno hilo likishatoka, yeye hatakuwa tena dirisha, atakuwa ukoo. Na Mpole hakuwa na mahali pengine duniani pasipokuwa na ukoo ila pale mbele ya kile kioo.

Simu ikatetemeka. "Shemeji tunasubiri hukumu," aliandika Kaka Mkubwa. "Usijifanye huoni."

Mama Majalada akaivuta. Akaandika, akafuta, akaandika tena. "Mimi natunza mafaili, sipimi mtu. Majibu na barua hutoa daktari. Kliniki iko wazi leo mpaka saa kumi na nusu, halafu ni Jumatatu." Akausoma mara nne. Ulikuwa ujumbe msafi, hauna jina, hauna jicho la pembeni. Anayetafuta siku na saa atazikuta, na asiyezitafuta atapita. Akautuma, akajisikia mwerevu kwa muda wa kama dakika mbili.

Mume wake akaweka kidole gumba.

"Umesikia, dada?" aliandika Kaka Mkubwa.

"Nimesikia vizuri sana," aliandika Wifi. "Nafunga saluni. Nakuja kuchukua barua yenye muhuri kwamba mimi ni mzima, naibandika humu mchana kweupe. Halafu nione ya kwako utaitoa wapi."

Mama Majalada akabaki na mashine ya kutobolea mkononi. Alikuwa amemtegea ndege mmoja nafaka, na sasa ameona kuku wa jirani anakuja mbio.

Wifi alifika saa tisa na dakika kumi, miwani ya jua usoni, kitambaa kichwani, viatu vya dhahabu miguuni, akinukia mafuta ya nywele. Mlinzi wa mlangoni alimkaribisha kwa adabu.

"Mimi si mgonjwa," alimwambia. "Nimefuata barua tu."

"Karibu sana, dada. Wote huanza na barua."

Akaja dirishani akainama mpaka miwani ikagonga kioo. "Wifi, ni mimi."

"Nimekuona. Hujambo?"

"Sijambo, na ndicho ninachotaka kiandikwe. Niache nipite kwa daktari nirudi, nina kichwa cha mtu nimekiacha nusu."

Mama Majalada akachukua kadi mpya, akaandika, akaipitisha. "Mia tisa na tatu. Ukiisikia, njoo. Watu sita mbele yako."

"Namba? Mimi wifi yako?"

"Hapa kila mtu ana namba."

Wifi akaenda kukaa, akiishika kadi kwa ncha za vidole kama samaki aliyechina.

Pale Jengo la Nyuma palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mama Majalada aliita namba akiwa ameinamia faili. Hakuinua macho mpaka mwenye namba awe ameshafika dirishani. Na wale wa benchini, namba ikiitwa, kila mmoja alitazama viatu vyake. Wote kwa pamoja, kama waliosikia amri. Aliyeitwa akasimama, akapita, na hakuna aliyemwona. Watu wa pale walijuana miaka kwa viatu. Sura walikuwa hawana uhakika nazo. Hakuna aliyewafundisha. Mgeni alijifunza kwa namba tatu au nne.

Wifi hakujifunza. "Mia mbili na tisa," aliita Mama Majalada, na viatu vyote vikatazamwa isipokuwa vya dhahabu. Wifi alivua miwani, akageuza shingo, akamsindikiza kwa macho mwanamume mmoja mwenye makubadhi toka benchi hadi mlango.

"Yule anaonekana mzima kabisa," alimnong'oneza mama aliyekaa kando yake, kwa mnong'ono uliofika mpaka kwenye jenereta. "Ana nini?"

"Sijui, dada."

"Na wewe, samahani, una nini?"

"Nina foleni," alijibu yule mama, akaendelea kutazama viatu vyake.

Saa kumi kasorobo, Mama Majalada aliona chini ya mlango raba nyeusi zenye kamba nyeupe. Alizijua. Raba zikaingia hatua moja, zikasimama. Zikaanza kugeuka.

"Mpole!" Sauti ya Wifi ilijaza chumba. "Mdogo wangu! Jamani, umefunga kazi uje kunisindikiza? Njoo, njoo ukae hapa. Sogeeni kidogo, huyu ndugu yangu."

Mpole alikaa. Mtu akiitwa hivyo hana la kufanya ila kukaa. Aliweka mikono katikati ya magoti, na Mama Majalada, kupitia nafasi ndogo kati ya kioo na ukingo, aliona vidole vyake vikifunga na kufungua skrubu ambayo haikuwepo.

"Mnamwona huyu?" Wifi aliuambia umma. "Kwetu tuko kumi na tisa na huyu ndiye pekee mwenye akili timamu. Wengine wote ni kliniki tupu. Hata paa la mama tumemkabidhi yeye."

"Hongera," alisema yule mama wa foleni, bila kuinua macho.

Namba zikapungua. Saa kumi na dakika kumi, Mama Majalada akalichukua faili la arobaini na saba kutoka kwenye trei. Akiita, Mpole atasimama mbele ya dada yake, na kesho paa litakuwa na madaktari wapya. Asipoita, nesi atafunga kabati saa kumi na nusu, na Mpole atarudi kwenye friji zake mpaka Jumatatu, akiwa na siku nne nyingine za kuzisikiliza. Alipima huku, akapima huko. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akaruka foleni.

"Mia tisa na tatu," aliita. Wifi akiingia kwa daktari, mlango ukafungwa, dakika kumi zingetosha.

Wifi hakusimama. "Hiyo ni mimi," alisema, "lakini mbona kuna watu walikuwa mbele yangu?"

"Daktari yuko tayari. Pita tu."

"Hapana, wifi! Usinifanyie hivyo." Wifi aliinua mkono kama shahidi mahakamani. "Unataka Kaka Mkubwa aseme nilipitishwa uchochoroni? Barua ya upendeleo ina thamani gani? Nasubiri zamu yangu kama raia."

Maisha yake yote Wifi hakuwahi kuheshimu foleni, hata ya maji. Haki ikampanda leo.

Saa ya ukutani ikasogea. Kumi na robo. Kumi na dakika kumi na nane. Mama Majalada aliinamia faili, jalada lake bado lile la zamani, kona zimelainika kwa kushikwa.

"Arobaini na saba."

Viatu vyote vikatazamwa. Hakuna aliyesimama.

"Arobaini na saba," aliita tena, sauti ile ile, si juu wala chini.

"Arobaini na saba!" Wifi alidakia, akigeuka huku na huku kusaidia. "Jamani yuko wapi arobaini na saba? Mnaona mambo haya? Ndiyo wagonjwa wenyewe hao, hata namba yake haijui. Anatuchelewesha wazima."

Utaratibu ulisema mara tatu, kisha faili hurudi kabatini. Mama Majalada alifungua kinywa kwa mara ya tatu, macho yake kwenye karatasi, akasikia benchi likilia kama benchi linavyolia linapopunguziwa mtu. Kisha hatua. Raba hazina kishindo, lakini chumba kilikuwa kimenyamaza hivi kwamba alizihesabu. Sita.

Aliinua macho Mpole alipokwisha kufika. Kadi ilipita chini ya kioo, ina jasho.

"Tarehe yako ilikuwa Jumatatu," alisema, kama alivyomwambia kila aliyechelewa.

"Friji zilikuwa nyingi."

"Zimelala?"

Mpole akafikiri. "Mbili hazijalala," alisema. "Tangu juzi."

"Mwambie nesi hivyo hivyo. Weka saini hapa. Mlango wa kushoto."

Akaweka saini. Akasogeza mdomo karibu na kioo. "Ameniona?"

"Sikutazama, shemeji," alisema Mama Majalada, na ulikuwa ukweli mtupu. Hakutambua kwamba amemwita shemeji mpaka mlango wa kushoto ulipokuwa umefungwa.

Mama Majalada aliita mia sita na nane. Yule mama wa foleni akasimama. Mama Majalada hakupaswa kutazama, lakini leo alikuwa ameshavunja mawili, akavunja na la tatu: akachungulia pembeni mwa kioo. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anavitazama viatu vyake vya dhahabu kwa makini sana, kama mtu aliyeonyeshwa kosa la kushona.

"Mia tisa na tatu."

Hakuna aliyemtazama Wifi akisimama. Alikuja, akaweka kadi, akaifunika kwa mkono.

"Ile barua," alisema, "ya kwamba mtu ni mzima. Huja wengi kuichukua?"

"Wewe wa kwanza."

"Mh." Akavuta pumzi. "Wifi."

"Abee."

"Tangu lini?"

"Sijui unamzungumzia nani."

"Usinifanye mtoto. Mimi nimemlea yule, nimemfuta kamasi."

"Mimi nina namba tu, wifi. Hata hizo sizikumbuki nikitoka."

Wifi akatazama mlango wa kushoto, akatazama dari. "Nilisema chizi hakabidhiwi paa," alisema polepole. "Jumapili. Niliandika mimi, kwa vidole hivi. Na nimemkalisha pale nimemtangaza kama mnada. Wewe umekaa nayo yote hayo humo ndani, sisi tunapiga kelele?"

"Nimekaa na mafaili. Nimebakiza kama mia."

"Una roho ngumu." Haikujulikana kama ni tusi au sifa, na pengine hata yeye hakujua. "Daktari nimwambie nimeghairi. Hii kadi nairudisha?"

"Ya kwako hiyo. Haiozi."

Wifi aliitazama, akaitia kwenye mkoba, akaufunga. Akarudi benchini akakaa.

"Na sasa unasubiri nini?"

"Yeye kanisindikiza, na mimi namsindikiza. Kwani kuna sheria? Mbona unauliza kama polisi?"

Saa kumi na nusu nesi akafunga kabati. Mpole alitoka na mfuko mdogo wa karatasi, akausimamisha kifuani kwanza, kisha akauteremsha. Wifi akasogea. Mpole akakaa. Hawakusema kitu ambacho Mama Majalada angeweza kukisikia, na hakujitahidi kusikia. Simu yake ilikuwa inatembea tena juu ya meza.

"Barua iko wapi?" aliuliza Kaka Mkubwa kundini. "Saa kumi na nusu imepita. Au wamekulaza moja kwa moja?" Nyuso kumi na moja za kucheka. Kidole gumba kimoja, kutoka barabarani.

Juu ya kioo cha simu ikaonekana kwamba Wifi anaandika. Ikapotea. Anaandika. Ikapotea. Ng'ambo ya dirisha, Wifi alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, na Mama Majalada, aliyemjua, alijua kuna insha humo yenye ugonjwa wa kila herufi. Mpole akainama akasoma. Akatikisa kichwa kidogo. Wifi akafuta, kidole kikikandamiza kwa muda mrefu sana, kwani ilikuwa ndefu. Kisha ikaja.

"Barua sikupewa. Nimepewa kadi. Kama kuna wa kucheka, acheke."

"Nilisema mimi!" aliandika Kaka Mkubwa kabla sekunde haijaisha. "Bipola! Nilisema tangu kijani!"

Wakacheka watu kumi na watatu. Mama Majalada alihesabu mara mbili. Mpole hakuwemo.

Kisha sauti ya sekunde nne: "Wanangu, linavuja."

Na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu kundi lifunguliwe, jibu. Mpole: "Kesho asubuhi naja kupima, mama."

Walitoka pamoja. Mlangoni mlinzi aliinuka kuwaaga. "Dada, barua umepata?"

"Na wewe una..." alianza Wifi, kidole kimeshanyooka, utambuzi umeshaiva mdomoni. Akasita. Akainamisha macho. "Una viatu vizuri," alisema, akapita.

Mama Majalada alirudi mezani. Nesi alikuwa ameshalirudisha faili la arobaini na saba, na tarehe mpya imeandikwa kwa wino mbichi. Alilitoa kwenye trei ya HAWAJAFIKA, akalipindua. Mchwa hawakuwa wamelifikia. Ni jalada tu lililochoka. Lilihitaji uzi mpya na mashimo mapya mawili. Akanyoosha mkono kuchukua mashine, akakuta majalada mapya ya karibu yamekwisha na mengine yako stoo, na mwenye ufunguo wa stoo ameondoka saa kumi kamili kama kawaida yake.

Akahesabu yaliyobaki: tisini na tisa, na hili. Akaliweka juu kabisa ya rundo, akalaza rula katikati yake ili kesho asitafute pa kuanzia, akazima taa.